Bima ya Maisha Haigawi Nyumba: Mirathi Katika Ndoa ya Pili

Siku chache baada ya arobaini ya mzee mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, nilikaa ukumbini na wanawe wakubwa wakitoa karatasi moja moja kutoka kwenye mfuko wa plastiki: leseni ya makazi, risiti za kodi ya jengo, na nakala ya fomu ya bima ya maisha aliyoijaza akiwa bado kazini. Mnufaika aliyeandikwa humo alikuwa mama yao, ambaye alifariki kabla baba yao hajaoa tena. Mjane alikuwa chumbani, katika eda yake ya miezi minne na siku kumi, pamoja na mtoto wa kiume aliyezaa na marehemu na binti aliyekuja naye katika ndoa hiyo. Hakuna aliyepaza sauti. Kaka mkubwa aliikunja fomu, akauliza, "Sasa hii ni ya nani?"

Siku hizi watu walio katika ndoa ya pili hushauriwa wakate bima ya maisha ili wanaobaki wasigombane. Ushauri huo una uzito wake, lakini ukifuatwa peke yake huacha mzizi wa ugomvi ukiwa palepale.

Tuchukue familia yenye sura kama ile: mke, watoto wa kiume watatu na wa kike mmoja, wazazi wa marehemu wametangulia, na baada ya kulipa madeni, pamoja na mahari iliyokuwa haijalipwa, zimebaki sh 56,000,000. Kwa sheria ya Kiislamu mke hupata thumuni, yaani sehemu moja ya nane, ambayo hapa ni sh 7,000,000. Zinazobaki, sh 49,000,000, huwaendea watoto: kila wa kiume sh 14,000,000 na wa kike sh 7,000,000. Mtoto wa kambo hana fungu, hata kama marehemu ndiye aliyemlea. Njia yake ni wasia, ambao hauruhusiwi kuzidi theluthi ya mali. Mke naye hawezi kuongezewa kwa wasia, kwa kuwa ni mrithi, isipokuwa warithi wenzake waridhie.

Hapo ndipo bima inapovutia. Mume anamwandika mkewe au binti wa kambo kuwa mnufaika, fedha zinatoka bila kusubiri nyumba iuzwe, na watoto wakubwa hawaguswi katika nyumba ya baba yao. Kwa mjane asiye na kipato, fedha zinazofika mapema ni kodi ya chumba, chakula na ada ya shule. Sioni haki katika kulipuuza jambo hilo.

Pingamizi la kwanza ni la dini. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1985, lilikataa bima ya kibiashara na kuruhusu ile ya kuchangiana, ambayo ndiyo msingi wa takafuli, yaani bima ya Kiislamu. Lakini hata kwenye takafuli swali la kaka mkubwa linabaki: aliyeandikwa kwenye fomu ni mwenye mali, au ni mpokeaji tu anayepaswa kuwagawia warithi wote? Waliosema ni mpokeaji wanahofia kwamba mtu akiweza kuhamisha mali yake yote kwa kujaza jina, mafungu yaliyowekwa na Qur'ani yatakuwa hayana maana, na wasia kwa mrithi utakuwa umepitishwa mlango wa nyuma. Waliosema ni mmiliki wanaiona kuwa hiba, yaani zawadi, yenye masharti, na kwamba fedha zile hazikuwahi kuwa mkononi mwa marehemu hata ziitwe urithi. Malaysia iliamua suala hili kwa sheria ya mwaka 2013, ikakubali hiba hiyo katika takafuli. Mimi naegemea upande wa hiba pale mnufaika anapokuwa mtoto wa kambo, maana yeye hana fungu la kuongezewa. Kwa mke nasita zaidi, na ningependa mume awaite watoto wake wakubwa awaeleze mbele ya shekhe angali hai.

Pingamizi la pili ni la kipato. Mvuvi wa Deep Sea hapa Tanga au mchuuzi wa machungwa ya Muheza hana mshahara wa mwezi, na bima isiyolipiwa hukatika. Wapo pia wanaodhani wana bima ya maisha kumbe ni bima ya mkopo, ambayo hulipa deni la benki na kuishia hapo.

Hata hivyo kinachoniuma zaidi ni nyumba yenyewe. Mama wa kwanza anapofariki, watu wengi huzika, hufanya matanga, kisha baba anaendelea kuishi kama kawaida. Mirathi ya mama haigawiwi, kana kwamba hakuwa na mali. Kumbe bati zilitokana na maandazi yake na kiwanja walichangia wote wawili. Kwa alichoacha mke mwenye watoto, mume hupata robo tu. Kinachobaki, wazazi wake wakiwa wameshatangulia, ni cha watoto. Baba akioa tena bila kukigawa, mke mpya anaingia katika nyumba ambayo sehemu yake ni haki ya watoto wa mwenzake, naye hajui. Baba akifa, watoto wanadai cha mama yao, mjane anasikia anafukuzwa, na wote wawili wana hoja. Bima haiwezi kuuliza nani alinunua bati. Kwa hiyo naona utaratibu uanze hapo, kabla ya ndoa ya pili ikiwezekana, na bima ifuate.

Kwa Wakristo ambao mirathi yao huamuliwa kwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado inatumika Tanzania, mambo ni tofauti kidogo. Mjane hupata theluthi na watoto theluthi mbili pale pasipo na wosia, na mtoto wa kambo hapati. Anaweza kupewa kwa wosia, lakini kwa sheria hiyo wosia ulioandikwa kabla ya ndoa hubatilika mtu anapooa au kuolewa. Aliyeuhifadhi RITA, wakala wa serikali unaotunza wosia, kabla ya ndoa yake ya pili inampasa aandike mwingine.

Nirudi kwenye ukumbi ule. Kwa kuwa aliyeandikwa ametangulia, kwa kawaida fedha zile huingia katika mirathi na kugawiwa kwa mafungu niliyoyataja. Kwa hesabu ile ya sh 56,000,000, wasia wa sh 8,000,000 kwa binti wa kambo usingefika hata theluthi, na fungu la mama yake lingepungua kwa sh 1,000,000 tu. Mzee alimlea binti huyo tangu darasa la kwanza. Sasa yuko kidato cha tatu, na jina lake halikuwamo katika karatasi hata moja iliyotoka kwenye mfuko ule.