Picha Iliyolipa Nauli ya Maiti

Stoo ya marehemu babu hapa Bombo, Uganda, ndiyo studio yangu. Ina dirisha moja, bati linalovuja upande wa kaskazini, na kuku wa jirani anayetaga ndani ya boksi la brashi bila kumuomba mtu ruhusa. Mchana napaka kuta za maduka, nembo za sabuni na rangi za kampuni za simu. Huko ndiko posho inakotoka. Jioni nachora vyangu.

Vyangu huvichora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti. Turubai la dukani bei yake haisemeki, na lubugo lina jambo ambalo turubai halina. Gome la mti wa mutuba hubanduliwa msimu wa mvua, likapondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji hadi kipande chembamba kikatanuka kuwa shuka, halafu likaanikwa juani mpaka ligeuke rangi ya udongo mwekundu. Mti wenyewe hufungwa majani ya mgomba, ukaota gome jingine. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005, lakini mimi kilichoniteka ni rangi tu: ngozi ya mtu imo tayari ndani ya kitambaa. Unaweka kivuli hapa, mwanga pale, uso unajitokeza. Kero yake moja, lubugo hunywa rangi kama ng'ombe aliyetoka safarini, kwa hiyo lazima ulipake kwanza gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji.

Picha ninayoisimulia ilikuwa ya bibi. Bibi ni Mnubi wa kutoka utosini, msusi wa vikapu, na nusu ya rangi zangu nimeziiba kwake: zambarau kando ya kijani, waridi kando ya njano, michanganyiko ambayo ukiiweka mbele ya mwalimu wa sanaa ataikata kwa kalamu nyekundu. Kila akishakula chakula cha mchana hujinyoosha mkekani, gurbaba, lile vazi la wanawake wa Kinubi, hadi kidevuni, mikono kifuani, akapitiwa na usingizi. Nikamchora hivyo hivyo, kwa kimo chake halisi. Uso haukunipa shida. Miguu ndiyo iliyonitoa jasho. Kisigino cha kushoto kina mipasuko midogo midogo na hina iliyofifia ukingoni. Kila nikichanganya kahawia na nyeusi napata tope. Nikakwangua, nikapaka, nikakwangua tena, hadi jioni moja nikaacha lubugo lenyewe lionekane bila rangi, nikatia mistari tu. Kisigino kikaja chenyewe.

Ukumbi mmoja wa maonyesho Kampala ukaitaka ifike kabla ya Ijumaa. Ilikuwa Aprili, mvua juu ya mvua. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Mafuta yake ya kitani hugandishwa na hewa, na kwenye baridi na unyevu hujivuta mno. Picha ilikuwa imeshika juu juu, tapentaini bado inanuka. Nikaizungusha kwenye paipu nene la plastiki, uso wa picha nje ili rangi isikunjamane. Nailoni ingenatia, kwa hivyo juu yake nikafunika lubugo jingine safi, nikafunga kamba za mgomba sehemu tatu: kichwani, kiunoni, miguuni. Nasema kichwani na miguuni kwa sababu ndivyo lilivyoonekana, ingawa wakati ule mimi sikuliona.

Baganda huzika watu wao ndani ya lubugo. Sisi Waislamu tunajua sanda nyeupe. Halikunipitia akilini hata kidogo.

Stendi, konda aliponiona na mzigo begani, akavua kofia.

“Pole sana, ndugu yangu.”

“Asante, nimeshazoea.”

Akanitazama kwa muda. “Ni nani huyu?”

Nikafurahi, makonda wanaouliza habari za sanaa ni wachache. “Ni bibi yangu.”

“Aah. Alisumbuka sana?”

“Yeye hapana. Ila miguu yake imenitesa, usiniulize.”

“Basi sasa amepumzika.”

“Amelala fofofo,” nikasema, na kweli ndivyo nilivyomchora.

Akanilipisha viti vitatu. Nililalamika kidogo, lakini paipu lilikuwa limeziba njia nzima katikati ya taksi, yaani basi dogo la abiria, nikanyamaza. Dereva akazima redio. Tukaondoka kimya, na ukimya ndani ya taksi ya Bombo si jambo la kawaida.

Muda si muda, noti zikaanza kutoka viti vya nyuma, mkono kwa mkono, mpaka kwangu. Elfu moja, elfu mbili, moja ya elfu tano. Ndani ya taksi pesa hupita hivyo kila siku, nikajua konda amepata haya kwa nauli aliyonichuna, ananirudishia chenji. Nikatia mfukoni. Ndipo mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akanigusa bega: “Ni mabugo yetu, mwanangu. Jikaze.”

Damu ikaniganda. Mabugo ni rambirambi.

“Mama, hapana! Hii si maiti. Ni picha.”

“Ndiyo, mwanangu,” akasema taratibu. “Mwanzoni huwa hivyo.”

“Nusa! Ni tapentaini hii!”

“Tumesikia harufu. Mmefanya vizuri kumtia dawa mapema.”

Kabla hatujafika Matugga tukasimamishwa kwenye kizuizi cha polisi. Askari akachungulia, akaona, akaomba barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji. Nikamwambia ni picha. Akageukia abiria, na abiria wote kwa sauti moja wakasema ni bibi yake, kachanganyikiwa.

“Ssebo,” askari akaniambia, “maiti hutoka Kampala kwenda kijijini. Wewe unamtoa kijijini kumpeleka Kampala. Akafanye nini?”

Swali zuri hilo, hata mimi ningeuliza. Nikashusha mzigo kwenye majani kando ya barabara, nikakata kamba, nikaanza kukunjua. Kikatokea mkeka. Ukafuata mkono. Halafu akajitokeza bibi mzima, macho amefumba, mikono kifuani, kimo chake kamili.

Yule mama aliachia ukelele uliosimamisha hadi lori la mchanga. Askari akarudi nyuma hatua mbili, akaweka mkono kichwani kama anayetaka kupiga saluti. Na kwenye kundi lililokwisha jaa pale, mwendesha boda mmoja akapaza sauti: “Huyu si Hajati wa vikapu wa Bombo?” Akawasha pikipiki, huyoo, akaelekea tulikotoka.

Askari alichutama, akakigusa kisigino cha bibi kwa kidole cha shahada. Kidole kikatoka na mafuta. Akakinusa, akanitazama, akacheka mpaka akakaa chini.

Nikarudisha rambirambi zote isipokuwa za yule mama, aliyekataa katakata: “Kaa nazo, siku yake itafika tu.” Konda naye akasema nauli ya maiti hairudishwi.

Nilikuwa bado nafunga kamba simu ilipolia. Bibi.

“Uko wapi wewe? Watu wamejaa uani wanalia. Nawauliza nani kafa, wananitazama tu, mmoja amekimbia.”

Nilirudi usiku. Jikoni palikuwa na mifuko ya sukari, majani ya chai na gunia la mkaa. Bibi akataka kuona kilichomuua, nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliishika mbali, akaileta karibu.

“Kisigino changu hakijapasuka hivi,” akasema.

“Bibi, Bombo nzima imekutambua.”

“Kwa uso. Si kwa kisigino. Kakipake upya.”

Nikauliza kuhusu sukari ya watu, kama turudishe. Akaniangalia kama niliyetukana.

“Mimi sijaagiza kitu. Anayeitaka aje, atainywa kwenye chai.”