Herufi Moja Katika Jangwa la Chalbi

Waraka wa safari yetu ya Chalbi, jangwa la kaskazini mwa Kenya, ulikuwa na kurasa 14, vifungu 22 na viambatisho vitatu, na niliuandika peke yangu kwa sababu mtu aliyefundisha Kiswahili katika shule ya upili kwa miaka 19 hawezi kukubali jambo zito kama jangwa lipangwe katika kikundi cha WhatsApp na watu wanaoandika "xaxa" badala ya "sasa". Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, ndiye mwenye gari, Land Cruiser ya dizeli ya zamani ambayo anaipenda kuliko anavyotupenda sisi. Kwa maoni yake, maandalizi yalihitaji mambo mawili tu: kujaza tangi na kumwomba Mungu. Mimi nilimweleza kwamba Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka, kwamba mvua za Machi hadi Mei zinaweza kuifanya ziwa tena, na kwamba hata wakati wa kiangazi kuna sehemu ambapo ukoko wa chumvi umefunika tope linalongoja gari kama mamba. Ndiyo maana nilichagua Agosti. Hadi leo hakuna aliyelaumu uteuzi wa mwezi, nami naomba jambo hilo likumbukwe.

Kiambatisho cha pili kilihusu maji: watu watano, siku nne, lita tano kwa kila mtu kwa siku, jumla lita 100, yaani mitungi mitano ya lita 20. Shemeji aliuliza iwapo hesabu hiyo ilijumuisha kuoga. Nilimjibu kwa maandishi kwamba kuoga hakukuwa miongoni mwa malengo ya safari. Kiambatisho cha tatu kilihusu mafuta: mitungi mitatu zaidi, kwa kuwa gari linapopita kwenye mchanga kwa gia ndogo hunywa kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na kwa kuwa kifungu cha 12 kiliagiza kwamba kila sindano ya geji itakapofika nusu tangi, tutasimama na kuongeza papo hapo.

Kisha kukawa na kifungu cha 7, ambacho nakinukuu kama kilivyokuwa: "Ili kuondoa mkanganyiko, kila mtungi utaandikwa kwa rangi nyekundu herufi ya kwanza ya kilichomo."

Mitungi ya maji niliiandika mwenyewe nyumbani Thika, jioni moja kabla ya safari, M tano zilizonyooka kama gwaride la Jamhuri. Mitungi ya mafuta tulikubaliana ijazwe Marsabit, na kazi hiyo ikaangukia shemeji wakati mimi na mke wangu tukinunua mboga sokoni. Akiwa pale kituoni alinitumia ujumbe: "Mwalimu, hii niandike D?" Nilisoma ujumbe ule nikiwa nimeshika sukumawiki, nikaona nafasi ya kufundisha. Nilimjibu kwamba dizeli ni neno la mkopo, kwamba Kiswahili kina neno lake zuri na lenye hadhi, nalo ni mafuta, na kwamba kama sisi wenyewe hatutaitumia lugha yetu hata kwenye mitungi, nani ataitumia? Shemeji ni mtu mtiifu anapotaka kukomesha mazungumzo. Aliandika alivyoagizwa, akaipandisha mitungi juu ya keria kando ya ile mingine, akafunika yote kwa turubai na kuifunga kwa kamba.

Marsabit ilitupa adhabu ya kwanza. Katika waraka wote hakukuwa na neno "sweta", kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kwa jangwa, nikasahau kwamba kabla ya jangwa hilo kuna mlima wenye msitu, na kwamba ukungu wa mlima ule huingia chumbani kama mpangaji mwenye ufunguo. Tulilala tukitetemeka chini ya mataulo. Asubuhi watu wote watano tulikuwa na mafua makali, pua zimeziba kabisa. Jambo hilo la pua lina umuhimu wake katika kisa hiki.

Tulishika barabara ya lami ya Moyale hadi Bubisa, tukakata kushoto kuelekea Maikona katikati ya mawe meusi ya volkano yaliyotapakaa hadi upeo wa macho. Maikona tulipunguza upepo wa magurudumu kutoka 40 hadi 20, ili mpira utanuke na kukanyaga mchanga badala ya kuuchimba, na tukalala Kalacha karibu na chemchemi na mikoma yake, ambako upepo ulivuma usiku kucha kana kwamba unamtafuta mtu kwa jina. Hadi hapo waraka ulikuwa unatekelezwa kifungu kwa kifungu, na nilikuwa nimeanza kuzungumza kwa sauti ya mtu anayetarajia kushukuriwa.

Siku iliyofuata tuliingia Chalbi yenyewe kuelekea North Horr. Ramani ya simu ilionyesha njia moja, mstari mwembamba usio na shaka. Ardhini kulikuwa na njia arubaini, zikiachana na kukutana na kuachana tena kama nywele za mtu aliyeamka, kwa sababu kila dereva wa lori anayeona alama za mwenzake zimekuwa laini huhamia pembeni na kuanzisha zake. Mpwa wangu, kijana wa chuo aliyekuwa amekalia mifuko ya vyakula kule nyuma, alituonyesha ziwa lililokuwa mbele yetu likimetameta, lenye miti pembeni. Nilimweleza kwa upole kwamba hayo ni mazigazi, yaani mwanga unapinda juu ya ardhi yenye joto na kutuletea anga chini. Dakika kumi baadaye nilimwelekeza shemeji akate kulia kwenye miti ya North Horr niliyoiona kwa macho yangu mwenyewe. Tuliifuata miti ile kwa muda wa saa mbili. Ilikuwa na tabia ya kurudi nyuma kadiri tulivyosogea.

Magharibi ilipoingia tulikuwa tumerudi kwenye alama za malori, na sindano ilikuwa nusu. Shemeji alisema mafuta yaliyobaki yanatosha kutufikisha North Horr na chenji irudi. Mimi nilitaja kifungu cha 12. Basi tukasimama kwenye uwanda ule mtupu, upepo ukipiga kiasi cha kubeba maneno kabla hayajafika sikioni, mpwa wangu akapanda juu ya keria, akaingiza mkono chini ya turubai na kuuliza kwa sauti:

"Mjomba, nitoe upi?"

"Wenye M!" nikamjibu.

Akatoa wenye M. Shemeji akaumimina wote, lita 20, kwa faneli, akiwa amegeuzia uso pembeni kwa ajili ya vumbi, mimi nikimmulikia tochi kwa mkono mmoja na kushika waraka kwa mwingine. Hakuna aliyesikia harufu yoyote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na pua.

Gari lilienda kama mita 600. Likakohoa, likatoa moshi mweupe, likashtuka mara tatu kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki, kisha likanyamaza. Kwenye dashibodi iliwaka taa ndogo ambayo shemeji alisema hajawahi kuiona ikiwaka tangu alinunue. Nilifungua kijitabu cha gari, ambacho kilikuwa kwenye orodha ya vifaa, nambari 31, nikasoma maelezo ya taa hiyo chini ya tochi.

"Inasema kuna maji kwenye mafuta," nilisema.

"Maji yametoka wapi?" aliuliza mke wangu.

"Haiwezekani. Taa imeharibika. Piga starta tena."

Shemeji akapiga. Akapiga tena. Tulipiga hadi betri ikaanza kulalamika, kisha tukalala ndani ya gari, watu watano wenye mafua, vioo vimefungwa, tukipiga chafya kwa zamu. Mke wangu alisema jambo moja tu usiku huo, kwamba angependa kujua ni kifungu kipi kinachohusu hali hii. Hakikuwapo.

Alfajiri ilituletea ngamia, na nyuma ya ngamia mzee mmoja wa Kigabra na mjukuu wake wa miaka kama kumi na mmoja. Tulisalimiana kwa urefu unaostahili, tukaulizana habari za mvua, za mifugo na za nyumbani, na ni baada ya hapo tu ndipo mzee alipolitazama gari, akauliza lina ugonjwa gani. Nikamweleza kuhusu taa iliyoharibika. Wakati huo mpwa wangu alikuwa akishusha mitungi ili tupike chai, na yule mtoto, ambaye alikuwa kwenye likizo kama mimi, akasogea kusoma, kwa kuwa watoto wanaojua kusoma husoma kila kitu. Alizunguka mitungi yote. Akarudi akasimama mbele yangu.

"Mwalimu," akasema, "yote ni M. Nyinyi mnajuaje?"

Nimewahi kusimamishwa mbele ya wakaguzi wa elimu bila maandalio ya somo, na ninaweza kusema kwamba ukimya wa siku ile ulikuwa mfupi ukilinganisha na huu. Shemeji alinitazama. Kisha akatoa simu yake, akatafuta ujumbe wangu wa Marsabit na kuusoma kwa sauti, tangu mwanzo hadi "nani ataitumia". Mke wangu alilazimika kwenda nyuma ya ngamia ili acheke kwa heshima.

Mzee alitusaidia kuitenga mitungi kwa kuchovya kidole na kukisugua kwa kidole gumba: maji huteleza na kwisha, dizeli huteleza na kubaki. Mitungi minne ya maji, mitatu ya mafuta, na mmoja mtupu uliokuwa shahidi wa upande wa mashtaka. Mchana likatokea lori la mbuzi kutoka North Horr, na dereva wake, baada ya kusikiliza kesi yote huku utingo wake akiwa ameketi chini kwa kicheko, akaingia chini ya gari letu na spana.

Alitueleza akiwa kule chini kwamba maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa kwenye sakafu ya tangi, mahali pale pale ambapo mrija wa injini unanyonya, na kwamba kila tulipopiga starta tulikuwa tunayasukuma kuelekea kwenye pampu. "Aliyewaambia mpige tena ni nani?" aliuliza. Hakuna aliyenitaja, ila wote walinitazama. Alifungua nati ya chini ya tangi, tukakinga kwa sufuria ya ugali: kwanza yakatoka maji, kisha mchanganyiko wenye rangi ya chai ya maziwa, mwishowe dizeli safi, hapo akakaza nati. Ule mchanganyiko akautia kwenye mtungi mtupu, akasema tuuache siku mbili maji yatulie chini, kisha tumimine ya juu. Akamwaga filta, akairudisha, akaongeza dizeli safi, akapampu kwa mkono kile kitufe cha juu ya filta hadi kikawa kigumu. Betri tuliipa nguvu kutoka kwa lori. Injini iliwaka kwa hasira na kufuka moshi, lakini iliwaka. Alikataa malipo. Alisema hadithi hii itamlipa kila kituo hadi Isiolo.

Kabla hatujaachana tulifanya kikao kuhusu kifungu cha 7. Yule mtoto alisema kwao maji huitwa bisaan, basi tungeandika B. Dereva, ambaye nyumbani kwao huzungumzwa Kisomali, akasema hata kwao ni biyo, kwa hiyo B inafaa. Nilianza kueleza kwamba Kigabra na Kisomali ni lugha za familia moja ya Kikushi, ndiyo sababu ya mfanano huo, lakini shemeji alikuwa tayari amechukua kopo la rangi na kumkabidhi mpwa wangu. Kijana alifuta M na kuandika B kwenye mitungi yangu yote mitano. Yote mitano, ukiwamo ule wenye mchanganyiko, kwa sababu aliambiwa mitano na hakuna aliyemwambia minne.

Safari iliyobaki haina la kusimulia sana. Tulifika Loiyangalani, tukaliona Ziwa Turkana katika rangi yake ya kijani, na ugali wetu ukawa na ladha ya gereji. Tulirudi kupitia ile mitambo 365 ya umeme wa upepo, nikiwa nimeketi kiti cha nyuma pamoja na mifuko ya vyakula, kwa uamuzi wa wengi.

Kwenye kizuizi kimoja cha polisi, tukiwa tumekwisha kurudi kwenye lami, afisa alitazama juu ya keria, ambako turubai lilikuwa limeraruliwa na upepo, akahesabu kwa kidole.

"Hizi B tano ni za nini?"

"Ni maji, afande," nikasema.

"Maji yanaanza na B?" Alitabasamu kama mtu aliyekwisha kusikia mengi. "Hii ni pombe ya busaa. Lita 100 za busaa. Teremsha mmoja."

Mpwa wangu akateremsha uliokuwa karibu. Afisa akafungua mfuniko, akainama na kuvuta pumzi kwa kifua kizima, akarudi nyuma hatua mbili huku macho yakimlenga machozi.

"Mwalimu, hii ni mafuta!"

Nilifungua kinywa kumsahihisha kwamba ngeli yake ni "haya", mke wangu akanikanyaga mguu. Shemeji ndiye aliyeteremka, akaliendea kopo la rangi na kumpa afisa brashi kwa mikono miwili.

"Basi afande," akamwambia, "tuandikie M."