Kukata taya kwa mtetemo: faida ipo, ila si kwa kila mfupa

Kwenye mafunzo ya upasuaji wa taya, yai bichi huletwa mezani kama kifaa cha kufundishia. Mwanafunzi huchonga kidirisha kwenye ganda kwa ncha inayotetemeka, akakitoa kipande hicho, na utando mweupe ulio chini yake ukabaki mzima. Akijaribu vivyo hivyo kwa keekee, anahitaji mkono mwepesi kweli kweli ili ute usimwagike. Onyesho hilo si kiini macho. Shida ni kwamba linavutia kiasi cha kumfanya mtazamaji asahau kuuliza maswali mengine.

Msingi wa mashine hii ya kukatia mfupa kwa mtetemo ni wa zamani. Mwaka 1880 Jacques na Pierre Curie waligundua kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme, na muda mfupi baadaye wakathibitisha kinyume chake: zikipewa umeme, hubadili umbo. Ndani ya mpini wa mashine hizi kauri ya aina hiyo hutetemeka takriban mara 24,000 hadi 30,000 kwa sekunde, na mwendo wa ncha haufiki hata robo ya milimita. Mfupa, kwa ugumu wake, hukatika. Neva, mshipa wa damu na utando ni laini, hivyo huyumba pamoja na ncha na kwa kawaida hunusurika.

Mtaliano Tomaso Vercellotti ndiye aliyeusukuma ufundi huu hadi ukaingia vyumba vya upasuaji. Mwaka 2001 yeye na wenzake waliripoti sinasi 21 za taya la juu (mianya ya hewa ndani ya mfupa, iliyotandwa utando) zilizofunguliwa ili kuongezewa mfupa wa kushikilia vipandikizi vya meno. Utando ulitoboka mara moja tu. Ni matokeo mazuri, japo anayesifu chombo hapo ni aliyekibuni. Hata hivyo, kwa kazi hiyo ya sinasi mimi sina ubishi: mfupa ni mwembamba, utando ni laini mno, na mtetemo uko nyumbani.

Hoja huwa ngumu tukishuka taya la chini. Katika upasuaji wa kurekebisha taya lililochomoza au lililorudi nyuma, mfupa hupasuliwa kwa urefu pande zote mbili, njia iliyoelezwa na Trauner na Obwegeser mwaka 1957. Neva inayoupa mdomo wa chini na kidevu hisia hupita ndani ya mfupa huohuo. Ikiumia, mgonjwa anaweza kubaki na ganzi: chai inamchuruzika kidevuni hana habari. Watetezi wa mtetemo husema hapa ndipo mashine inapojilipia, na tafiti kadhaa zinawaunga mkono, pamoja na damu kupungua. Lakini tuangalie kazi yenyewe. Mashine huchora mstari wa kukatia tu. Baada ya hapo daktari bado huchukua patasi, akautanua ule ufa mpaka mfupa uachane, na neva inaweza kuvutwa papo hapo. Kisha kuna skrubu za kuushikilia mfupa. Umri wa mgonjwa nao una uzito wake. Kwa hiyo ganzi ikitokea au isipotokea, kukipa chombo cha kukatia sifa zote au lawama zote ni haraka mno. Isitoshe, tafiti nyingi ni za wagonjwa wachache, na mpasuaji hawezi kufichwa anatumia chombo gani. Mlio wenyewe unamwambia.

Kung'oa magego ya mwisho kunatoa picha iliyo wazi zaidi. Kwa mtetemo, uvimbe na kukaza kwa taya siku za mwanzo huwa nafuu, ila kazi huchukua muda mrefu kuliko kwa keekee. Kwenye mfupa mnene uchelewaji huo unachosha, na hapo ndipo kishawishi cha kukandamiza kinapoingia. Kosa kubwa! Keekee ukiisukuma inaendelea kukata. Ncha hii ukiikandamiza, mtetemo unafifia na joto linapanda. Eriksson na Albrektsson walionyesha mwaka 1983, kwa sungura, kwamba nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja zinatosha kuudhuru mfupa. Maji ya chumvi yanayotiririka kwenye ncha hupooza na kusafisha, lakini hayamwokoi mwenye mkono mzito.

Halafu kuna gharama, na si ya mashine peke yake. Ncha huisha makali, huvunjika, na lazima ziagizwe. Patasi inanolewa, inachemshwa kwa mvuke, inarudi kazini, umeme uwepo au usiwepo.

Hospitali zetu za rufaa Afrika Mashariki hupokea wagonjwa wengi wa ameloblastoma, uvimbe wa taya, wengine wakiwa wamechelewa kwa miaka. Mara nyingi kipande kizima cha taya huondolewa, na neva huenda nacho. Kuinunulia kazi hiyo mashine ya kulinda neva sioni maana. Msumeno wa kawaida, au hata ule waya wenye meno wa Gigli wa karne ya 19, unatosha. Gego lililokumbatia neva kwa kijana wa miaka 25 ningelitafutia mtetemo bila kusita. Kwa mgonjwa wa ameloblastoma, fedha hizo ningezipeleka kwanza kwenye bamba la titani la kuunganishia taya litakalobaki.