Kipimo kimesema ndiyo, kichwa bado kizima: nani ni mgonjwa wa Alzheimer?

Mwaka 2024 mabingwa wa magonjwa ya ubongo walitofautiana hadharani. Kamati iliyoundwa na Alzheimer's Association ya Marekani, ikiongozwa na Clifford Jack, ilisema Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole, hutambuliwa kibiolojia: protini zake zikijitokeza kwenye maji ya uti wa mgongo, damu au picha ya ubongo, mtu anao ugonjwa hata kama hajasahau chochote. Kabla mwaka haujaisha, kundi la kimataifa la Bruno Dubois likajibu kwamba asiye na dalili yumo hatarini, lakini hajaugua.

Hoja ya kamati si nyepesi. Amiloidi, mojawapo ya protini hizo, huanza kujikusanya ubongoni miaka mingi kabla ya mtu kupotea njia ya kwake, na maji ya mgongo huonyesha hilo mapema: aina yake iitwayo amiloidi beta 42 hupungua kwa sababu imenaswa kwenye mabonge ya ubongoni, huku protini nyingine, tau, ikipanda. Hatumsubiri mwenye kisukari azimie ndipo tumwite mgonjwa. Tena kamati yenyewe ilisema wasio na dalili wasipimwe nje ya utafiti.

Wanaoeleweka vibaya ni akina Dubois, wanaochukuliwa kana kwamba wanabishana na maabara. Wao wanauliza jambo jingine: majibu haya yanamtabiria nini huyu aliyeketi mbele ya daktari?

Watafiti Ron Brookmeyer na Nada Abdalla walipiga hesabu hiyo mwaka 2018. Mwanamke wa miaka 65 mwenye amiloidi pekee, akili yake timamu, ana uwezekano wa 29.3% wa kupata demensia ya Alzheimer, yaani kupotewa na kumbukumbu na fikra hadi kushindwa kujitegemea, katika maisha yake yote yaliyobaki. Akiwa na miaka 90, ni 8.4%. Yaani katika wanawake kumi wa miaka 65 walio hivyo, takriban saba watazikwa bila kuifikia demensia hiyo. Kwa bibi wa miaka 90 ni zaidi ya tisa katika kumi. Nimezirudia namba hizi mara nyingi na kila mara nakwama palepale: hao saba tungewaita wagonjwa wa nini? Na si wachache. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi, uliotoka mwaka 2015, ulikuta amiloidi kwa karibu 10% ya watu wa miaka 50 wenye akili timamu, na kwa 44% ya wale wa miaka 90.

Kipimo chenyewe cha maji ya mgongo nacho kinataka uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Mtu hulazwa ubavu, magoti kifuani, sindano ikaingia kiunoni na maji yakadondoka tone kwa tone. Yakikingwa kwenye kichupa kisichofaa, amiloidi beta 42 hunata kwenye kuta zake, kiwango kikasomeka chini kuliko kilivyo, na mzima akaonekana ana kasoro. Ndiyo maana maabara hudai vichupa vya plastiki maalumu, polipropilini.

Halafu kuna jina. Mzee akishaitwa mgonjwa wa Alzheimer, nyumba nzima humgeukia. Funguo zinachukuliwa, mambo ya shamba yanaamuliwa pembeni, na akisahau jina la mjukuu mara moja, jambo linalotupata sote, watu wanatazamana. Hayo hayafutiki kwa kumwambia baadaye kwamba alikuwa katika wale saba.

Kwa aliyekwisha kuanza kusahau, mambo ni tofauti, na hapo pande zote mbili zinakubaliana. Daktari akishaangalia tezi ya shingo (thairoidi), upungufu wa vitamini B12 na sonona, maji ya mgongo yanaweza kumsaidia kujua kama chanzo ni Alzheimer au kingine. Huyo amekuja na swali lake mwenyewe, na sindano inamtafutia jibu.