Mita 60 za Msimbazi: GIS ifundishwe kuanzia wapi?

Mwanafunzi wa GIS, yaani kazi ya kuchora na kuchambua ramani kwa kompyuta, aanze kwa kufungua programu ya QGIS, au aanze na koordineti (namba zinazotaja mahali) na datamu (kigezo cha umbo la dunia kinachotumika kuhesabu namba hizo), kompyuta ikiwa bado imezimwa?

Wanaotaka programu kwanza wana hoja. QGIS hailipiwi, na mtu akiiona kata yake imepakwa rangi kwenye skrini, hamu humshika. Mradi wa ramani wa Ramani Huria ulipoanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo waliingia mitaani wakachora mitaro na nyumba za maeneo ya mafuriko. Walijifunza huku wakifanya.

Walimu wa koordineti kwanza, kwa upande wao, hudhaniwa kuwa watu wa zamani wanaowachosha vijana kwa hesabu. Hawatendewi haki.

Chukua bonde la mto Msimbazi, Dar es Salaam. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Zoezi la darasani linakuwa jepesi: chora bafa, yaani ukanda kando ya mto, ya mita 60, hesabu nyumba zilizomo. Lakini mto umenakiliwa kutoka ramani ya karatasi yenye datamu ya Arc 1960, na nyumba zimepimwa kwa simu, inayotumia datamu nyingine, WGS 84. Data zote mbili zikiwekwa kwenye UTM, mfumo wa koordineti za mita, kanda ya 37 Kusini, namba zinafanana kwa sura: tarakimu sita za mashariki, saba za kaskazini. Mwanafunzi akiiambia programu kuwa tabaka la mto (data ya mto peke yake) ni la WGS 84, mto unahama zaidi ya mita 200. Programu haimwonyi, imeambiwa, imetii.

Mita 200, na bafa yenyewe ni 60! Ukanda mzima unaweza kuangukia mtaa mwingine, nyumba salama ikahesabiwa kuwa ya mtoni na ya mtoni ikaachwa. Desemba 2015 nyumba za bonde hilo zilipigwa alama ya X na kubomolewa. Sisemi kosa hili lilitokea wakati ule. Nasema anayechora mstari wa namna hiyo ameshika makazi ya watu, na ramani yake itapendeza hata ikiwa na kosa.

Kwa hiyo wiki ya kwanza ningempa mwanafunzi ramani ya karatasi na simu, asimame daraja la Jangwani, asome koordineti kwa njia zote mbili, aione tofauti kwa macho yake. QGIS ifunguliwe wiki ya pili.