Fikra Huumba Ikipata Mikono

Wapo wanaotuhubiria kwamba mtu hupata kile anachokiwaza, kana kwamba kutamani kwa dhati kunatosha kumletea mali, afya na mapenzi. Sikubaliani nao. Hata hivyo, siwezi kuwaunga mkono wanaoidharau fikra, kwa sababu nguvu yake juu ya mwili imepimwa na kuonekana.

Mwaka 1978, Jon Levine na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa waliong'olewa magego. Baadhi yao walipewa kitu kisicho na dawa yoyote ndani yake, na bado wakapata nafuu; lakini walipopewa naloksoni, dawa inayozuia kazi ya afyuni mwilini, maumivu yao yakazidi. Ilionekana kwamba tarajio la kupona lilikuwa limeuamsha mwili utoe vituliza maumivu vyake wenyewe, vinavyofanya kazi kama afyuni.

Unaonigusa zaidi ni utafiti wa Alvaro Pascual-Leone na wenzake, uliochapishwa mwaka 1995. Watu wasiojua piano walijifunza zoezi la vidole vitano kwa saa mbili kila siku, siku tano mfululizo. Wengine walikaa mbele ya piano hiyohiyo wakiliwaza tu zoezi, vidole vikiwa vimetulia. Sehemu ya ubongo inayoongoza vidole ilibadilika katika makundi yote mawili. Waliogusa piano walipiga vizuri zaidi, lakini wale waliowaza tu, baada ya kufanya mazoezi halisi mara moja, waliwakaribia sana. Hapo ndipo ninapoiona kazi halisi ya fikra: huandaa njia, kisha husubiri mikono.

Mtazame mtu anayeingia kwenye usaili akiwa ameshajihukumu kwamba hafai. Sauti yake ni ya chini, majibu yake ni mafupi, na swali ambalo lingempa nafasi ya kueleza uwezo wake analijibu haraka ili limwondokee. Wasaili, ambao hawakujua lolote kuhusu hofu yake, wanatoka na picha ileile aliyoingia nayo yeye. Mwanasosholojia Robert Merton aliueleza mzunguko wa aina hii mwaka 1948: imani isiyo ya kweli huzaa mwenendo unaoifanya iwe kweli. Ndiyo maana naamini kwamba anayeyachunga mawazo yake anafanya kazi nzito, hata kama hakuna anayeiona.

Linaloniumiza ni pale mafundisho haya ya nguvu ya fikra yanapogeuzwa kuwa fimbo. Mgonjwa wa saratani huambiwa kwamba hakuamini vya kutosha; kijana aliyepoteza kazi kwa sababu kiwanda kimefungwa huambiwa abadili mawazo, ilhali mlango wa kiwanda haukufungwa na mawazo yake. Anayewaambia hivyo huwaongezea lawama juu ya shida, na huwapokonya hata ile nguvu ndogo ya fikra waliyokuwa wamebaki nayo.