Sikunywa. Nilifanya Baya Kuliko Kunywa

Kabla hamjaendelea kunitumia vikatuni vya walevi, naomba niseme: sikunywa ile ethanoli, yaani pombe tuliyoikeneka maabara. Najua mmeshasikia. Ile sauti ya dakika mbili aliyoirusha mwenzangu kwenye kundi la darasa imezunguka mpaka imenirudia kutoka kwa binamu yangu anayesomea uhasibu, ananiuliza kama nimeshapata nafuu. Eti "jamaa kaonja sampuli, akaanza kumbishia profesa." Kubisha nilibisha. Ila nilikuwa na akili zangu timamu, na hapo ndipo penye aibu, maana mlevi angalau ana cha kusingizia.

Wenzangu wa uhandisi kemikali mnaujua ule mnara wa kukeneka. Wengine chukulieni hivi: bomba refu lenye sahani ndani, chini boila, juu kondensa. Unatia mchanganyiko wa maji na ethanoli, unachemsha, ethanoli inatangulia kupanda kwa sababu inachemka kwenye nyuzi 78.4 na maji yanangoja 100. Kazi yetu ilikuwa kuuendesha mnara saa tatu, kupima kilichotoka juu, kisha kuwasilisha mbele ya darasa. Mwenzangu asome halijoto, mimi nipime ukali, yaani asilimia ya ethanoli, kwa haidromita: kijiti cha kioo kinachoelea, ambacho kadiri kimiminika kilivyo chepesi ndivyo kinavyozama na kusoma namba kubwa.

Sasa, haidromita ya pombe hii yetu imetengenezwa kusoma kwenye nyuzi 20. Imeandikwa shingoni mwake, kwa wino mwekundu. Mimi nikakinga sampuli moja kwa moja kutoka kwenye kondensa, na siku hiyo maji ya kupoozea yalikuwa yanatiririka kwa hisani tu, kwa hiyo silinda ilikuwa ya moto hadi naibadilisha mikono. Mwenzangu akasema, "Iache ipoe kwanza." Nikamjibu, na haya nayakumbuka neno kwa neno kwa sababu kwenye ile sauti ameyarudia mara mbili: "Dada, uhandisi ni kasi."

Kimiminika cha moto ni chepesi. Haidromita ikadidimia mpaka shingoni. Nikasoma 99.2.

Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nikapiga picha.

Siku ya kuwasilisha ikafika, yaani juzi. Slaidi ya nne: "99.2%", kwa rangi ya dhahabu, na kinyota pembeni. (Msiniulize nani anaweka kinyota kwenye ripoti ya maabara.) Makundi mengine yalikuwa yameleta 86, 88, 90. Nikawaonea huruma kabisa. Hata nikatamka, "Wenzetu naona walipata changamoto."

Profesa alikuwa ameinama anasahihisha makaratasi. Kalamu ikasimama.

"Rudia hiyo namba."

Nikairudia, sauti juu zaidi.

"Kwa ujazo?"

"Kwa ujazo, Profesa."

"Na mlitumia nini kuvunja azeotropu?"

Wadau, tusimame hapa kidogo. Ethanoli na maji, ukivikeneka kwenye kanieneo ya kawaida ya hewa, vikifika ethanoli asilimia 95.6 kwa uzito, kama 97 kwa ujazo, vinagoma kuachana; hiyo ndiyo azeotropu. Mvuke na kimiminika vinakuwa na mchanganyiko uleule, vinachemka pamoja kwenye nyuzi 78.2, na hata uongeze sahani elfu moja hutoki hapo. Ndiyo maana viwandani huongeza kitu kama saiklohekseni, au hupitisha kwenye vichujio vya molekuli. Hayo tuliyasoma mwaka wa pili. Nilipata A. Kwa swali lile Profesa alikuwa ananifungulia mlango wa uani nitoroke. Mimi nikadhani ananisifia.

"Hatukutumia chochote, Profesa. Umakini tu."

Nyuma kuna mtu akakohoa. Hakuwa na kikohozi yule.

"Umakini," Profesa akasema. Akavua miwani. "Haya, njoo utuchoree."

Kuchora maana yake ni mchoro wa McCabe na Thiele, mabwana wawili wanaotesa watoto wa watu tangu 1925. Unachora mkunjo wa msawazo, yaani ethanoli iliyo kwenye mvuke dhidi ya iliyo kwenye kimiminika, unachora mstari wa mshazari ambapo viwili hivyo ni sawa, halafu unapanda ngazi katikati yake, kila ngazi sahani moja. Nikashika maka. Ngazi ya kwanza pana, safi. Ya pili. Ya tatu. Naongea huku nachora, "kama mnavyoona." Ya nane ikawa fupi. Ya kumi na moja ikawa kama jino la msumeno. Mkunjo ulikuwa unausogelea mshazari taratibu, na kwenye 0.89 vinakutana (hiyo ni kwa moli, ndiyo ileile 95.6 ya uzito). Nikaanza kubana mwandiko.

"Endelea."

Ya kumi na tano nikaichora kwa ncha ya pembeni ya maka. Ya kumi na sita haikuwa ngazi tena, ilikuwa nukta.

"Bado hujafika kwenye 99 yako. Endelea, tuna muda."

Kwii. Kwii. Maka inalia palepale. Nukta juu ya nukta, nikawa natengeneza doa. Doa likawa kama kunguni aliyeshiba. Na hapo, nimewapa mgongo watu arobaini, ndipo azeotropu iliponijia kichwani, yote, mpaka ukurasa wa daftari nilipoiandika. Sikugeuka. Niliona nikikaa kimya vya kutosha watadhani natafakari.

"Kuna tatizo?"

"Maka imeisha wino, Profesa."

Akaja, akaichukua, akaandika kwa wino tele: KILICHOINGIA = KILICHOTOKA + KILICHOBAKI. Kisha akanihesabia kwa namba zangu mwenyewe. Ethanoli iliyoingia mnarani, kilo 2.00. Iliyotoka juu peke yake, kilo 2.15.

"Bwana mdogo, hizi gramu 150 umeziumba wewe?"

Hapa ndipo nilipobisha. Nilisema labda zilisahauliwa humo na kundi la jana yake. Tusiliongelee.

Yaliyobaki ni mafupi. Darasa lilicheka, alama zikakatwa, ripoti ikarudi na neno moja pembeni, "Halijoto?" Mwenzangu naye amekatwa alama kwa ajili yangu, kwa hiyo ile sauti namsamehe nusu. Jina langu sasa ni Umakini Tu. Chupa ya sampuli ilikuwa bado ipo, tukaipima ikiwa kwenye nyuzi 20: 90.1. Namba ya kawaida kabisa, ya mtu asiyejulikana na yeyote. Ningeishi nayo kwa raha.

Alhamisi tunarudia jaribio. Nimemwandikia mwenzangu kuomba nishike tena haidromita. Hakujibu kwa maneno. Ametuma picha ya shingo ya haidromita, ule wino mwekundu ameuzungushia duara.